Veneranda wa Bangwe na Kitabu Kilichosomwa Pande Mbili

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye njiani atafute kivuli asimame. Leo tuna mtu wa kumkumbuka, na mtu huyu hakupenda mambo ya haraka haraka.

Jina lake ni Veneranda Nahimana. Nasema tena, Veneranda Nahimana. Kule Bangwe wengi hawakulijua jina hilo. Walimwita Mama Alphonce, kwa jina la mwanawe. Alizaliwa Nyanza-Lac, upande wa Burundi, kando ya ziwa hili hili la Tanganyika tunalonywa sisi. Amefariki mwezi uliopita hapa Kigoma, na amezikwa Bangwe, mahali ambapo ukinyamaza kidogo unasikia maji yakipiga mchanga.

Mtauliza, alikuwa nani huyo mpaka apewe kipindi kizima? Hakuwa mkubwa wa mahali popote. Alikuwa mwanamke wa kugeuza dagaa juani. Lakini yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Marcelina Feliksi, watoto wanamwita Mwalimu Marce, ambaye akilitaja jina la Mama Alphonce anavua miwani kwanza. Niliketi naye barazani kwake, chai ikapoa, akanisimulia. Nami nawaletea.

Turudi mwaka 1995.

Waliokuwepo mnaukumbuka. Vita ya Burundi ilikuwa imewatoa watu majumbani. Walivuka kwa mitumbwi, wakatua Kagunga, wengine wakaja mpaka mjini. Wengi walipelekwa kambini. Wengine walibaki huku kwa jamaa na marafiki. Bangwe, Rusimbi, Ujiji, kila nyumba ilikuwa na mkeka wa ziada ukutani. Sufuria ya ugali ilibadilishwa, ikaja kubwa zaidi. Watoto wa Kiha na watoto wa Kirundi walilala miguu ikigusana, na asubuhi hukujua nani kamkojolea nani.

Nyumba ya Mzee Feliksi ilikuwa hivyo hivyo. Mzee Feliksi alikuwa na kipe. Kwa wasikilizaji wa mbali, kipe ni chombo cha mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, chenye wavu mkubwa katikati na taa za karabai za kuvutia dagaa. Mkewe alimkuta Veneranda mwaloni, ufukweni vinapotua vyombo vya uvuvi, mtoto mgongoni, anageuza dagaa wa watu kwa ujira wa kibaba. Akamtazama, akamwambia, "Mama, hapa jua litakumaliza wewe na huyo mtoto. Twende." Hivyo tu. Hakuna aliyeuliza atakaa mpaka lini.

Na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na Marcelina.

Marcelina alikuwa darasa la tatu, na alikuwa hasomi. Siyo kwamba alisoma vibaya. Hakugusa kitabu. Ukimwekea kitabu mapajani alikitazama kama mtu aliyewekewa chura. Akitumwa maji, anakwenda anakimbia. Akitumwa kisimani mara ya pili, anakwenda. Lakini ukisema, "Marce, leta kitabu," alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani.

Baba yake alivumilia, mwisho akachoka. Siku moja akatamka mbele ya wote, wakati wanakula.

"Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, wazazi tunaitwa. Kila mtoto atasimama asome. Wewe ukisimama kama mlingoti, mwezi wa kwanza unakwenda Kagunga kwa shangazi yako. Ukaanike dagaa. Siwezi kununua sare ya mtu wa kukaa tu."

Marcelina aliendelea kula. "Nilijifanya sijali," ananiambia. "Lakini shangazi nilimjua. Kwake hakuna shule, na ukienda hurudi. Dada zangu wawili wa baba mkubwa walikwenda, wakaolewa huko huko."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yake, wasikilizaji. Asome kabla ya shule kufungwa, au aende Kagunga.

Sasa niwaeleze kuhusu mwezi. Siyo mwezi wa kalenda, mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa wanauhesabu huo. Mbingu zikiwa na giza, karabai inang'aa na dagaa wanaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote yanang'aa, dagaa hawaioni tena taa. Basi vipe vinapandishwa mchangani, karabai zinaning'inizwa, na wanaume wanakaa mchana kutwa wanashona nyavu. Kazi ya kushona nyavu ni ya mikono. Masikio yanabaki hayana kazi. Na masikio ya wavuvi yakikosa kazi, midomo inaanza ugomvi.

Mama Alphonce aliliona hilo. Alikuwa na kitabu kimoja, hakina jalada. Alikipata soko la Ujiji kwa muuza karanga, aliyekuwa ameshachana jalada na anataka kuendelea na kurasa, afungie karanga. Akampa kibaba cha dagaa, akakiokoa. Kilikuwa cha Kiswahili, na yeye Kiswahili alikijua cha watu wa ziwani, chenye Kirundi ndani yake. Mwezi ulipokuwa mkubwa, akaenda kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, Alphonce mdogo anatambaa mchangani, akaanza kuwasomea washona nyavu.

Ilikuwa hadithi ya kijana mmoja mchukuzi wa chumvi. Amemwacha nyumbani dada yake mgonjwa, dada hali chakula, kila kitu anasema hakina ladha. Kijana anakwenda mbali kuchota chumvi, anarudi na gunia kichwani, njia ni ndefu. Washona nyavu walinyamaza. Hata Oswald, mvuvi kijana, alinyamaza, naye alikuwa mtu wa kutania hata msibani.

Wakafika mahali ambapo kijana yuko katikati ya mbuga, hakuna nyumba, hakuna mti, na mvua inaanza kudondoka. Mama Alphonce akafunga kitabu.

"Hee! Mama Alphonce!" Oswald akasimama na wavu miguuni. "Mtu ana chumvi kichwani, mvua inanyesha, wewe unafunga kitabu?"

"Mwezi umepungua, Oswald. Leo mnaingia majini."

"Nitavuaje na chumvi ya mtu inayeyuka?"

"Mwezi ukikua tena nitawasomea."

"Wewe mama una roho ngumu. Ndiyo maana mlipigana huko kwenu."

Watu wakaguna, maana utani huo ulikuwa umevuka mpaka. Lakini Mama Alphonce akacheka, akajibu, "Huko kwetu tulipigana kwa sababu hatukuwa na wavuvi waongo kama wewe wa kutuchekesha." Oswald akachukua kofia yake, akaivaa mbele nyuma, akaenda.

Wasikilizaji, giza lote hilo wavuvi hawakuzungumza jambo jingine. Asubuhi vipe vikirudi, kabla ya kushusha dagaa, ugomvi ulikuwa umeshafika nchi kavu. Huyu anasema kijana alivua shati akafunika. Yule anasema shati la nani lizuie mvua ya mbugani? Oswald anasema yeye angeila yote, kisha akanywe maji mbele ya safari. "Ungekufa," wakamwambia. "Ningekufa na ladha," akawajibu.

Na Marcelina alikuwa anasikia. Kila asubuhi alikuwa pale na mama yake wakitandaza dagaa. Swali lile lilimwingia kama mchanga kwenye jicho.

Akamfuata Mama Alphonce. "Mama, chumvi iliokoka?"

"Sijui, mwana wanje," akajibu kwa Kirundi chake, yaani mwanangu.

"Hujasoma mbele?"

"Nasoma na wenzangu. Kitabu kiko kwenye beseni, chini ya kanga. Anayetaka kujua, akifungue."

"Mimi sisomi."

"Ego, sawa. Basi subiri mwezi."

Hakumbembeleza. Hakumwambia kusoma ni kuzuri. Alichukua reki yake akarudi kwenye dagaa.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Mchana mmoja mama yake Marcelina alikuwa amekwenda sokoni. Mwaloni kulikuwa kimya, wanaume wamelala, dagaa wanakauka. Mama Alphonce alikuwa mbali kidogo, amegeuza mgongo, reki mkononi. Lakini mwanamke anayelinda dagaa dhidi ya kunguru ana macho kisogoni. Akamwona Marcelina anainua kanga. Anatoa kitabu. Anakifungua juu ya beseni.

Kitabu kilikuwa kimelala kichwa chini. Mtoto yeyote angekigeuza. Marcelina hakukigeuza. Akaweka kidole kwenye kona ya karibu naye, mkono wa kuume, akakivuta kwenda kushoto. Kisha akapanda mstari wa juu yake, tena kutoka kuume kwenda kushoto. Na midomo yake ilikuwa inacheza.

Mama Alphonce akaacha kugeuza dagaa. Kunguru wakala walivyoweza siku hiyo.

Kesho yake akaketi na beseni katikati, kitabu kimemwelekea yeye, akamwita. "Marcelina, jua limeniharibu macho. Neno hili ni nini?"

Marcelina alikuwa upande wa pili wa beseni. Akatazama. "Radi," akasema.

"Na hili?"

"Ikapiga."

"Ehe?"

"Radi ikapiga, kijana akaona kitu cheusi ukingoni mwa mto." Kisha akashtuka, akafumba mdomo kwa mkono, kama mtu aliyetukana.

Mama Alphonce akaweka kitabu chini. "Darasa la kwanza ulikuwa unakaa wapi?"

"Chini. Wote tulikaa chini."

"Vitabu vilikuwa vingapi?"

"Kimoja, watoto wanakizunguka."

"Na wewe ulikaa upande gani?"

"Upande wa pili. Nilikuwa nachelewa. Vipe vinarudi asubuhi, namsaidia mama kutandaza, nikifika wenzangu wameshakaa mbele ya kitabu. Nakaa panapobaki."

Wasikilizaji wapendwa, mmeona? Mtoto huyu alijifunza kusoma akiwa upande wa pili wa kitabu. Ubaoni alizijua herufi moja moja, kama unavyowajua watu kwa sura. Lakini kusoma mstari mzima, kukimbia na maneno, alijifunzia kwenye kitabu kile, na kitabu kile alikiona kichwa chini. Alipofika darasa la tatu akapewa kitabu mkononi, akakishika kwa namna anayoijua. Akachapwa. Akaambiwa, "Hata kushika kitabu hujui!" Akakigeuza kama wenzake, herufi zote zikawa wageni. Akajaribu kukumbuka kwa kusikia, akakosea, akaambiwa anakariri. Basi akaamua moyoni mwake kwamba kitabu ni kitu cha kumfedhehesha, na hakukigusa tena.

Mama Alphonce alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na Marcelina akaanza kununa. Ndipo akamshika kidevu. "Nacheka kwa furaha, mwana wanje. Wote wanasema hujui. Wewe unajua, ila ulipewa kiti kibaya. Njoo. Soma kutoka huko huko uliko. Tumwangalie huyu kijana na chumvi yake."

Wakasoma. Mkubwa upande huu wa beseni, mdogo upande ule, kitabu kimoja katikati. Mmoja anakiona kimesimama, mwingine anakiona kimepinduka, na hadithi ni ile ile. Wakajua kilichotokea mbugani. Kile kitu cheusi ukingoni mwa mto kilikuwa mtumbwi wa watu. Kijana aliukokota mpaka nchi kavu, akaupindua, akaweka gunia chini yake. Nafasi haikutosha mtu na chumvi. Yeye akakaa nje, akanyeshewa mpaka kulipokucha.

Marcelina akaruka. "Nakwenda kumwambia Oswald!"

"Oya, hapana! Ukimwambia umemwibia. Mwache aisikie kwa zamu yake."

Na hapo, anasema Marcelina, ndipo utamu ulipomwingia. Siyo kusoma kulikomnogea kwanza. Ni kujua jambo ambalo watu wazima wote wa mwalo hawalijui. Alipita mbele ya washona nyavu ameinua shingo. Oswald akamshuku.

"Marce, wewe unajua kitu."

"Sijui kitu, Kaka Oswald."

"Nakupa samaki, mgebuka mzima. Mnene. Niambie tu, chumvi imepona?"

"Subiri mwezi."

"Mtoto huyu kaharibika!" Oswald akalalamika kwa dunia nzima. Marcelina hakuwahi kufurahi hivyo maishani.

Lakini furaha haikuondoa Kagunga. Mwezi ulipokua, Mama Alphonce akawasomea wavuvi, na Marcelina ameketi upande wa pili, midomo inacheza pamoja naye. Mzee Feliksi akamwona. "Huyo amekariri," akasema. "Ndivyo alivyo. Sikio lake ni kinasa sauti, jicho ndilo halifanyi kazi. Na siku ya kufunga shule nitamwomba mwalimu ampe kitabu kipya, kisichowahi kufunguliwa. Hapo tutajuana."

Mama Alphonce akasikia. Mgeni kwenye nyumba ya watu hana mdomo mrefu. Hakubishana na mwenye nyumba. Akaanza kazi nyingine. Kila siku walipokaa kwenye beseni, kitabu alikiacha mahali pake, ila mtoto alimsogeza. Kidogo. Upana wa kiganja. Leo hapa, kesho pale, anamzungusha polepole kuelekea upande wake, kama kivuli kinavyouzunguka mti.

Walipofika ubavuni mwa kitabu, mambo yakaharibika. Mistari ikawa imesimama kama nguzo. Kichwa kikamuuma Marcelina, akalia, akakitupa kitabu mchangani, karibu kabisa na maji. "Nirudishe upande wangu!"

Mama Alphonce akakiokota, akakung'uta mchanga. "Rudi," akamwambia. Akamrudisha mwanzo kabisa. Hakugomba. Kesho yake akaanza tena, upana wa kiganja. Marcelina ananiambia mpaka leo hajui mama yule aliutoa wapi moyo huo. Nchi yake inaungua. Mumewe hajulikani alipo. Yeye anamsogeza mtoto wa watu upana wa kiganja.

Shule ilifungwa kabla hawajamaliza mzunguko.

Siku hiyo wazazi walijaa. Mzee Feliksi alivaa koti. Akazungumza na mwalimu, na kweli kikatolewa kitabu kipya, kurasa bado zimeshikana. Marcelina akaitwa. Akasimama mbele, kitabu mkononi, wima kama inavyotakiwa.

Hakuona neno hata moja. Anasema aliona dagaa waliomwagwa. Nyuma kule wavulana wakaanza kucheka, kisha wasichana. Mzee Feliksi akatazama viatu vyake.

Marcelina akageuza uso mlangoni. Mama Alphonce alikuwa amesimama nje ya mlango, mtoto mgongoni. Hakualikwa. Hakuwa mzazi wa mtu pale. Akainua mkono wake, kiganja juu. Akakigeuza chini. Kama anageuza dagaa. Hivyo tu.

Marcelina akakigeuza kitabu kichwa chini.

Darasa lote likapasuka kwa kicheko. "Hata kushika hajui!" Mama mmoja akasema, "Masikini." Na katikati ya kicheko hicho sauti ya Marcelina ikaanza. Kwanza ndogo. Kisha ikatulia. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Habari ilikuwa ya kuku na mwewe, hakuna aliyewahi kuisikia. Kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti yake peke yake.

Mwalimu alidhani kuna mchezo. Akaja akasimama mbele yake, uso kwa uso, akainama kutazama. Na wasikilizaji, kwa mtu aliyesimama mbele ya Marcelina, kitabu kile kilikuwa kimesimama sawasawa! Mwalimu akafuata kwa kidole. Kila neno lilikuwa mahali pake. Wakawa hivyo, mwalimu upande huu, mtoto upande ule, mpaka ukurasa ukaisha.

Mzee Feliksi akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, anasoma au hasomi?"

"Anasoma, mzee." Mwalimu akakuna kichwa. "Kichwa chini miguu juu, lakini anasoma. Kuliko hawa wanaocheka."

Mzee Feliksi akakaa. Akasimama tena. Akasema kwa sauti, utafikiri kuna aliyemuuliza, "Basi Kagunga haendi." Kisha akatoka nje, akampita mkewe, akampita mwenyekiti wa mtaa, akaenda kusimama mbele ya Mama Alphonce. Akamfungua mtoto mgongoni, akambeba Alphonce yeye mwenyewe mpaka nyumbani, barabarani, mbele ya watu. Waliokuwepo Bangwe wanajua hilo lilikuwa jambo gani, mvuvi kubeba mtoto wa mwingine mchana kweupe.

Nimemkuta Mzee Feliksi, sasa hatembei vizuri. Nikamuuliza, mzee, kwa nini ulimbeba? Akanijibu, "Nilitaka kusema samahani. Kinywa kikagoma. Mikono ikafanya."

Mzunguko ule wa beseni waliumaliza mwaka uliofuata. Siku Marcelina alipofika ubavuni mwa Mama Alphonce, bega kwa bega, wote wawili wakikitazama kitabu upande mmoja, wakasoma mpaka mwisho wa hadithi. Oswald alikuwepo. Oswald alilia, akasema ni moshi wa samaki.

Kisha ukaja mwaka 1997. Likatoka tangazo kwamba wakimbizi walio mitaani waende kambini. Mikeka ya ziada ikakunjwa. Mama Alphonce alifunga beseni lake. Kitabu akampa Marcelina. Hakumwambia maneno mengi. Alisema, "Kisome kwa watu. Mwezi ukipungua, kifunge." Lori likaondoka. Marcelina alikimbia nyuma yake mpaka vumbi likamshinda.

Miaka ikapita. Marcelina akamaliza shule, akasomea ualimu. Mama Alphonce, amani iliporudi kwao, akarudi Nyanza-Lac na mwanawe. Habari zikakatika.

Mpaka mwaka 2015. Nao mnaukumbuka. Burundi ikachafuka tena, na watu wakavuka tena, wakatua pale pale Kagunga, mlima nyuma yao na ziwa mbele yao, mchanga wote umejaa watu. Marcelina akasikia habari redioni. Akamwendea Oswald, ambaye alikuwa ameshaota mvi na boti la injini. "Kaka Oswald, nipeleke."

"Utampata wapi kwenye watu wote hao?"

"Nipeleke tu."

Walizunguka mchanga ule toka asubuhi. Majina yalifanana. Nyuso zilichoka kwa namna moja. Jua lilipoinama, Marcelina akamwona bibi mmoja ameketi juu ya furushi, anachora kwa kijiti mchangani kwa ajili ya watoto. Anaandika a, e, i. Na watoto wote alikuwa amewaketisha upande mmoja, ubavuni mwake, bega kwa bega. Hakuna hata mmoja aliyeachwa upande wa pili.

Bibi yule hakuinua uso. Marcelina akachuchumaa mbele yake. Hakumwamkia. Akamwuliza, "Mama, chumvi iliokoka?"

Bibi akasimamisha kijiti. Kisha, bado ameinama, akajibu, "Subiri mwezi."

Oswald anasema hapo yeye aliwaacha, akaenda kutazama injini ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mama Alphonce alipelekwa kambini kama wenzake, na Marcelina alimtembelea kila likizo. Mwaka huu maradhi yakazidi, akaletwa kutibiwa hapa mjini. Macho yalikuwa yamekwisha. Marcelina alikwenda wodini jioni, baada ya shule, na kile kitabu kisicho na jalada. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaona kitu cha ajabu. Mwalimu yule alikishika kitabu kimemwelekea mgonjwa, yeye akiwa upande wa pili, anasoma kichwa chini. Muuguzi akamwuliza, "Mwalimu, si ukigeuze?"

"Ni chake," akasema Marcelina. "Acha kimtazame yeye."

Mwanawe, Alphonce, sasa ni fundi seremala, alikuwepo mama yake alipokata roho. Aliniambia hivi: "Mama hakuniachia nyumba. Nyumba zake zote alizikimbia. Lakini kila tulipotua, kabla hajatafuta kuni, alitafuta kitu cha kutusomea. Hata kibandiko cha kopo la maziwa. Nilidhani mama wote wako hivyo."

Siku ya kuzika Bangwe, mwezi ulikuwa mkubwa. Kwa hiyo wavuvi wote walikuwa nchi kavu, wakaja wote. Baada ya sala Marcelina akaomba nafasi. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akafungua ukurasa wa mwisho, akakigeuza kitabu kichwa chini, kimwelekee aliyelala. Akasoma kutoka upande wa pili, kama alivyokuwa mtoto. Kijana anafika nyumbani na gunia. Dada yake anachovya kidole, anaonja. Anasema, leteni chakula.

Halafu akakifunga.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa kipindi hiki natoa pole kwa Alphonce na familia yake. Pole kwa Mzee Feliksi na nyumba yake, walioongeza mkeka. Pole kwa Mwalimu Marcelina. Pole kwa Oswald, ambaye ameniomba niseme hakulia. Na pole kwa wote waliolala chini ya turubai miaka ile, na miongoni mwao wapo ambao hawakupata hata mtu wa kuwataja.

Nami nawaomba jambo moja kabla hamjarudi kwenye shughuli zenu. Leo jioni yuko mtoto ndani ya nyumba yako ambaye mmekwisha kusema hajui, au hataki, au ni mzito. Usimkaripie leo. Nenda ukakae pale anapokaa yeye, utazame anachokiona akiwa pale. Kisha umsogeze upana wa kiganja. Akilia, mrudishe. Kesho anza tena.

Pumzika, Mama Alphonce. Vipe viko mchangani, nyavu zinashonwa, na Mwalimu Marce ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anawasomea. Amahoro, amani iwe nawe.